Mama Honi na Mabwana Watano

Mtaani kwetu shangazi yangu anaitwa Mama Honi. Wengi wanaomwita hivyo hawajui jina limetoka wapi, kwa sababu gari lenye honi yenyewe liliondoka kabla hawajazaliwa.

Alikuwa mkunga. Enzi zile zahanati yetu ilikuwa na kitanda kimoja cha kujifungulia na haikuwa na gari la wagonjwa, kwa hiyo akajinunulia la kwake. Alilipata kwa daktari wa meno aliyekuwa ameanza kuona ukungu barabarani: gari refu la rangi ya maziwa, usukani mwembamba kama bangili, gia ikiwa shingoni mwa usukani, na kiti cha nyuma kipana cha kumlaza mtu akajinyoosha. Watu wakaliita Njiwa. Akikaribia nyumba yenye mwanamke anayeumwa uchungu, shangazi alipiga honi tangu kwenye kona, ili aliyelala ndani ajue msaada umeshaingia mtaani na ajikaze kidogo.

Siku ya kulisajili, ofisini walimwambia mke wa mtu hasajili gari, aje mumewe. Mumewe alikuwa karani wa posta, mtu mpole, mrefu kama mlingoti. Alikuja akatia sahihi. Hakujua kuendesha na hakutaka kujifunza. Alisema magari yanamtia kizunguzungu.

"Gari ni lako," alimwambia shangazi walipotoka nje. "Mimi nimekuazima jina tu."

Yule karani alikufa mapema, kwa maradhi ya figo. Matanga hayajaanuliwa vizuri, kaka yake mkubwa akakusanya karatasi zote za marehemu, na kadi ya gari ikiwemo. Kisha akaja na vijana wa ukoo kulichukua Njiwa. Shangazi akasimama mbele ya boneti, mikono kiunoni. Hawakumgusa. Walikwenda nyuma ya gari wakalivuta kinyumenyume hadi barabarani, wakamwacha amesimama palepale, mbele yake hakuna kitu.

Wazee walimfariji kama wazee wanavyofariji. "Binti yetu, maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayakumwagika," shangazi akawajibu. "Yalichotwa. Na aliyechota namjua."

Tangu hapo alizalisha watu kwa baiskeli mpaka alipostaafu, na hakukanyaga tena nyumba ya shemeji yake, si kwa harusi wala kwa msiba. Watu walidhani amesahau. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa.

Mimi ni binti wa kaka yake. Yeye ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kutengana, na kazi yangu ni kuchora mabango: ya maduka, ya saluni, ya shule, hata ya kukataza watu kukojoa ukutani. Mwaka juzi mhandisi mmoja mstaafu alikuja kwenye kibanda changu na kazi safi. Yeye na wenzake wanaopenda magari ya zamani walikuwa wanaandaa maonyesho katika uwanja wa michezo, na kila gari lilitakiwa liwe na bango la kueleza historia yake. Akaniachia maandishi ya kila bango, pamoja na picha ili nichore gari kwenye kona.

La tatu lilikuwa na kichwa cha habari: GARI LA MABWANA WATANO. Nikaanza kupima herufi kabla ya kusoma kilichofuata. Bwana wa kwanza, daktari wa meno. Bwana wa pili, karani wa posta, aliyelitumia kwa safari zake nyingi za kikazi. Bwana wa tatu, kaka wa karani, aliyelirithi. Bwana wa nne, mwalimu wa udereva. Bwana wa tano, mhandisi mwenyewe, aliyelifufua. Nikachukua picha. Rangi ilikuwa mpya, lakini usukani ulikuwa uleule ninaoujua kutoka kwenye picha iliyoning'inia sebuleni kwetu maisha yangu yote.

Nikafunga makopo ya rangi, nikaenda nyumbani.

Shangazi alikuwa uani anachambua mchele. Alifuta mikono, akavaa miwani, akasoma polepole. Alipofika kwa karani alicheka mpaka akashika mbavu.

"Safari za kikazi! Mume wangu? Yule alikuwa akipanda anashikilia mlango mpaka tunafika." Akasoma tena. Safari hii hakucheka. "Hili bango umeshalichora?"

"Bado."

"Usilichore. Nipeleke kwa huyu bwana wa tano."

Karakana ya mhandisi ilikuwa safi kuliko jiko letu. Spana zilikuwa zimepangwa ukutani kuanzia ndogo hadi kubwa, na katikati ya sakafu alikaa Njiwa, anang'aa. Nilidhani shangazi atalia. Alilizunguka mara moja, akaufungua mlango wa nyuma, akaufunga, akamgeukia mwenye gari.

"Baba, umelitunza vizuri. Kwa hilo nakushukuru. Sasa tuzungumze kuhusu uongo ulioandika."

Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Alituletea viti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akatoa faili lenye nakala ya kadi.

"Mama, mimi sikuiti mwongo. Lakini historia ya gari hufuata kadi, na kadi ina majina haya. Nikianza kuandika kila anachoniambia mtu, kesho atakuja mwingine aseme lilikuwa la babu yake."

"Kadi iliandikwa na watu walionikataza kuandikwa."

"Naelewa, ila mimi sikuwepo."

"Waliokuwepo nikikuletea?"

Alikuna kidevu. "Ukiniletea wamiliki wenzangu, au watu wa nyumba zao, nitawasikiliza. Jirani na rafiki wa kukuonea huruma, hapana. Na maonyesho yako karibu."

"Watu wa mnyororo wako mwenyewe," shangazi akasema. "Umekubali mbele ya mtoto huyu."

Mtoto mwenyewe mimi, mwenye mvi mbili tatu.

Njiani nilimpa wazo ambalo niliona ni la maana. Waliozaliwa ndani ya Njiwa ni wengi, na mama zao wengine bado wapo. Tuwakusanye, wajae karakana, mhandisi akose pa kukanyaga. Shangazi alisimama katikati ya njia ya waenda kwa miguu, watu wakawa wanatupita huku na huku.

"Mwanamke akijifungua mbele yangu, yaliyotokea ni yake. Nani alizalia njiani, nani alilia, nani alimtukana mumewe, hayo sikuyasema nikiwa kazini na sitayasema leo kwa ajili ya gari. Akitaka kusema, aseme mwenyewe. Mimi sigongi mlango wa mtu kumwomba uchungu wake."

Basi tukabaki na mnyororo wa wamiliki. Tulianza na wa karibu.

Mwalimu wa udereva alikuwa ameshaiachia shule yake binti yake, lakini kila asubuhi bado alikaa kwenye benchi uani kwake, akiwakosoa wanafunzi waliokuwa wanarudi nyuma na kugonga matairi yaliyochimbiwa. Alilikumbuka Njiwa mara moja. Alisema historia aliyompa mhandisi aliipokea kutoka kwa kaka wa marehemu, neno kwa neno, naye hakuwa na sababu ya kuihoji.

"Ila kulikuwa na jambo lilinishangaza," akasema. "Pedali zilikuwa zimefungiwa vibao. Vibao vya mti, vimesuguliwa vizuri, vimekazwa kwa bolti. Na kiti cha dereva kimesogezwa mbele kikachomelewa hapohapo. Nilipoingia, magoti yalinigonga kidevu. Nikamuuliza muuzaji, kwani marehemu ndugu yako alikuwa mbilikimo? Akaniambia niache mzaha na wafu."

Shangazi akasimama. Akisimama, hatofautiani sana na akiwa amekaa.

"Ndugu yake alikuwa akiinama kwenye kila mlango wa nyumba yetu," akasema. "Vibao alivifunga fundi wa madirisha, kwa kipimo cha miguu hii."

Mwalimu alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, polepole. Kisha akacheka kicheko cha mtu aliyepata jibu la fumbo la miaka mingi.

"Kumbe ni wewe. Nilivitoa kwa taabu, mama. Bolti zile zilikaza kama roho ya bahili. Nitamwambia mhandisi hivihivi."

Kumpata mke wa daktari wa meno kulituchukua muda. Daktari alikuwa ameshafariki, nyumba yake imegeuka ofisi za mawakili, na mlinzi hakujua lolote. Tulimpata kupitia kwa mtengeneza meno ya bandia aliyewahi kufanya kazi kwa daktari, ambaye alitupeleka kwa binti yao. Bibi alikuwa chumba cha nyuma, mwembamba, masikio mazito, nywele zimesukwa vizuri. Binti yake akampigia kelele sikioni: "Mama! Kuna mgeni wa lile gari!"

Bibi alimwangalia shangazi kwa muda mrefu.

"Ulikuwa unaachia klachi kama unamtupa paka," akasema.

Hapo ndipo nilipojua, kwa mara ya kwanza, nani alimfundisha shangazi kuendesha. Daktari wa meno aliliuza gari. Mkewe ndiye aliyeketi kando ya mnunuzi katika uchochoro wa nyuma ya nyumba, siku baada ya siku, mpaka ua wa jirani ukakosa mbao mbili. Bibi alieleza yote, na hakuna aliyemuuliza mara mbili. Alikumbuka kwamba mume wa mkunga alikuja siku ya makabidhiano akakataa kushika ufunguo. Alikumbuka alichosema: mpeni mwenyewe.

"Wameandika kwamba lilikuwa la mabwana," shangazi akamwambia, kwa sauti ya kusikika barabarani.

"Mabwana gani?" bibi akauliza. "Wangu alikuwa analiosha tu."

Tulirudi kwa mhandisi tukiwa na binti wa daktari, aliyekuja kusema kwa niaba ya mama yake. Mwalimu alikuwa ameshapiga simu. Mhandisi alisikiliza, akavua miwani, akaifuta. Alikuwa ameanza kuyumba, lakini hajaanguka.

"Vibao vinaonyesha kwamba uliliendesha. Ufunguo unaonyesha kwamba ulikabidhiwa. Nayakubali. Lakini bwana wa tatu anasema alirithi mali ya ndugu yake. Yeye yu hai, na yeye ndiye anayekupinga. Siwezi kumwandika kama mtu aliyechukua kisicho chake bila kumsikia. Akikubali, nitaandika. Akikataa, nitaandika kwamba kuna mvutano."

"Mvutano," shangazi alirudia neno hilo kama mtu anayeonja mboga iliyochacha.

Nilimwambia tuishie hapo. Ushindi wa nusu si haba, na yeye si msichana. Akaniambia kama nimechoka nimwelekeze kituo cha basi, atakwenda peke yake.

Nyumba ya shemeji ilikuwa na geti la chuma na maua yaliyokauka kwenye makopo. Shangazi hakupiga hodi ya kinyonge. Alipiga kama anayekuja kuzalisha. Mke wa shemeji ndiye aliyefungua. Walitazamana, wanawake wawili walioolewa ukoo mmoja, ambao kwa miaka ya kutosha mtoto kukua na kupata watoto wake walikuwa hawajasalimiana.

"Karibu," mke wa shemeji akasema, akasogea kando.

Shemeji alikuwa kwenye kiti cha sebuleni, shuka magotini, redio ikisema peke yake. Alikuwa amezeeka vibaya, lakini sauti yake haikuwa imezeeka.

"Leo umeikumbuka nyumba yetu, shemeji."

"Sikuja kusalimia. Kuna bango linaandikwa kuhusu Njiwa. Mwenye gari anataka kujua lilikuwa la nani kabla hujalichukua. Nataka umwambie."

"Lilikuwa la ndugu yangu. Jina lake liko kwenye kadi."

"Ndugu yako alijua kuendesha?"

"Mtu hamiliki kwa kuendesha. Nani kasema lazima uendeshe?"

"Alilinunua na nini? Mshahara wake wote ulikuwa unaishia kwenye ada za wadogo zenu, na wewe ndiye uliyekuwa unauchukua."

Shemeji aliizima redio. "Wewe mwanamke hujabadilika. Uliolewa hapa. Ulichokuwa nacho kilikuwa cha nyumba hii. Ndivyo ilivyokuwa, kila mtu alijua, na hata wewe ulijua. Unataka nini leo? Gari limeshapita mikono ya watu. Mimi naelekea kaburini. Niache nife na heshima yangu."

"Heshima yako sijaigusa. Nataka yangu, ambayo uliondoka nayo siku ile."

Akageuza uso ukutani. Nikajua hapo hatutapata kitu. Nilimgusa shangazi bega, lakini hakutikisika. Na mke wa shemeji, aliyekuwa amesimama mlangoni na trei ya chai, aliiweka chini taratibu.

"Baba watoto," akasema, "kitinda mimba wako alizaliwa wapi?"

Mzee akavuta shuka lake magotini.

"Nimekuuliza. Maana ulikuwa umesafiri. Chupa ilipasuka nikiwa jikoni, hapa nyumbani hakuna mtu. Nilimtuma mtoto wa jirani akaite. Nikasikia honi kwenye kona. Alinibeba mgongoni, huyu huyu mfupi unayemwona, akanilaza kiti cha nyuma. Hatukufika zahanati. Alisimamisha gari chini ya mwanga wa duka, mwanangu akatokea palepale. Nani alikuwa anaendesha? Marehemu?"

"Hayo ni mambo ya wanawake," mzee akasema.

"Ndiyo. Na gari lilikuwa la mwanamke. Uliporudi ulikuja kumshukuru, nakumbuka maneno yako. Ulisema, shemeji, Mungu akuwekee gari lako. Gari lako, ulisema. Baadaye ulipokwenda kulichukua nilikuwa nanyonyesha mtoto huyohuyo, na nilinyamaza kwa sababu nilikuogopa. Sasa nakupikia uji na kukukata kucha. Sioni tena cha kuogopa."

Shangazi alikuwa amelijua jambo hilo miaka yote, na hakuwahi kulitaja, hata kwangu, hata siku tulipokuwa tunatafuta ushahidi kwa tochi. Sasa alimshika mkono mke wa shemeji.

"Si lazima uyaseme kwingine," akamwambia.

"Nitayasema popote. Naomba dakika nibadilishe nguo."

Aliondoka na sisi mchana uleule, akamwacha mumewe na chai yake. Tulipofika karakana, mhandisi alimsikiliza amesimama. Alipomaliza, akaomba apewe maandishi yake ya zamani, akakata kichwa cha habari kwa kalamu. Kisha akaandika chini, akamsomea shangazi:

"Bwana wa pili, karani wa posta, na mke wake, mkunga, aliyelitumia gari kwa kazi."

"Hapana," shangazi akasema.

"Mama, nimekuweka."

"Umenipakia. Mume wangu mwenyewe alisema ameniazima jina. Mtu akikuazima mwavuli, mvua haigeuki kuwa yake. Andika mkunga. Ukipata nafasi, mtaje mume wake, kwamba alikuwa mtu mwema na alipenda kukaa kiti cha abiria."

"Na wa tatu?"

Mhandisi aliuliza hivyo akimtazama mke wa shemeji. Niliona jinsi yule mama alivyokaza midomo.

"Andika alichofanya," akasema. "Usiongeze, usipunguze."

Nililichora bango lile mwenyewe, na nilikataa malipo yake. Kichwa kilisomeka GARI LA MKUNGA. Mstari wa pili: Lilinunuliwa na mkunga, likabeba wazazi wa mitaa hii kwa miaka, mumewe akiwa abiria wake mwaminifu. Mstari wa tatu: Mume alipofariki, kaka yake alilichukua bila idhini ya mwenye gari. Wajomba na baba wadogo wa upande ule walipiga simu wakasema tumeuanika ukoo. Shangazi aliwaambia nguo mbichi huanikwa, isipoanikwa inanuka.

Siku ya maonyesho alivaa gauni la buluu na viatu vya kazini. Alisimama kando ya bango tangu uwanja ulipofunguliwa, na aliyetaka kujua alimweleza. Mhandisi alimpa ufunguo aendeshe hadi mwisho wa uwanja. Aliingia, akanyoosha mguu, akatoka.

"Mmetoa vibao vyangu," akasema. "Endesha wewe."

Shemeji alifariki miezi michache baadaye bila kumwomba radhi, na shangazi hakwenda mazikoni. Mkewe sasa huja kwetu karibu kila wiki. Wanakaa uani wanabishana kuhusu dawa za magoti.

Mwezi uliopita mimi na mume wangu tulinunua kiwanja, kwa jasho la mabango yangu zaidi kuliko la mtu mwingine, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema kiandikwe jina langu. Shangazi alipopata habari alitangaza kwamba atanisindikiza. Nilimwambia mambo yamebadilika, sheria ziko wazi, hakuna haja. Alikuwa ameshavaa viatu.

Karani wa ofisi ya ardhi alikuwa kijana mpole. Aliandika jina langu, akafika mahali akainua kichwa.

"Na baba mwenye nyumba hakuja?"

Aliuliza kwa mazoea tu, nadhani, bila ubaya. Kabla sijafungua mdomo, shangazi alikuwa ameshasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza.

"Yuko kazini," akasema. "Wewe endelea kuandika. Na uandike kwa herufi kubwa, macho yangu hayaoni vizuri, na mimi siondoki hapa mpaka nilisome."